Kwa Nini Leza, na Taa Zipo?

Siku hizi neno leza limebandikwa kila mahali. Fundi vigae anaweka kidubwana sakafuni, mstari wa kijani unazunguka kuta zote nne za chumba, anakwambia hiyo leza, mambo ya mpira wa maji wa kupimia usawa yamepitwa na wakati. Saluni za mjini zinatangaza kuondoa nywele kwa leza. Bibi mwenye mtoto wa jicho anasubiri zamu yake hospitali akiamini atatolewa kwa leza. Mtoto kanunuliwa sokoni Darajani, Unguja, kitochi chenye nukta nyekundu, anawakimbizia paka ukutani, nacho ni leza. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima, barazani hapakuisha mabishano juu ya kinachopita ndani ya nyaya zile: umeme, mawimbi ya redio, au mwanga?

Ni mwanga, na ni wa leza. Hapo ndipo linapokuja swali la haki kabisa: mwanga si mwanga tu? Kuna haja gani ya kuhangaika na leza, na taa tunazo?

Jibu la haraka utakalopewa ni kwamba leza ina nguvu. Jibu hilo si sahihi, na ndilo linalozaa makosa mengine yote. Kitochi cha nukta nyekundu kilichotengenezwa kwa kufuata viwango hutoa mwanga wa miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Balbu ya LED ya wati 9 uliyoifunga chooni hutoa mwanga wa wati tatu hivi, nyingine ikipotea kama joto. Kwa hiyo taa ya choo ina mwanga mara elfu tatu ya kitochi hicho, na hakuna anayeogopa kuingia chooni. Anayelipia leza halipii wingi wa mwanga. Analipia mpangilio wake.

Tuweke kwanza maneno mawili sawa. Mwanga ni mawimbi, na rangi ya mwanga ni urefu wa wimbi lake. Mawimbi haya ni mafupi mno, hupimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nyekundu ya kitochi ni nanomita 650 hivi, kijani cha fundi vigae ni kama 520 au 532. Yakiwa marefu kuliko nyekundu tunayaita infraredi, yakiwa mafupi kuliko zambarau tunayaita urujuanimno, na yote mawili jicho haliyaoni ingawa yapo. Neno la pili ni fotoni, chembe moja ya mwanga, kiasi kidogo kabisa ambacho atomu inaweza kukitoa kwa mara moja.

Sasa fikiria bustani ya Forodhani saa mbili za usiku. Watu wamejaa, kila mmoja na njia yake: huyu anafuata mishikaki, huyu juisi ya miwa, yule kasimama tu anapunga upepo. Huo ndio mwanga wa taa, fotoni za rangi mbalimbali, zikielekea kila upande, hakuna inayomngoja mwenzake. Kisha fikiria safu ya maulidi ya homu. Watu wamepiga magoti bega kwa bega, wameelekea upande mmoja, wanainama na kuinuka kwa mdundo mmoja wa dufu, mpaka ukiwatazama unaona kama mwili mmoja unaoyumba. Huo ndio mwanga wa leza. Uelekeo mmoja, rangi moja, na mawimbi yanayopanda na kushuka kwa pamoja. Idadi ya watu kwenye safu ni ndogo sana ukilinganisha na umati wa Forodhani, wala haibadilishi kitu.

Mpangilio huo hupatikanaje? Atomu iliyoongezewa nishati haidumu nayo, baada ya kitambo huitema kama fotoni. Kwenye taa kila atomu hutema kwa wakati wake na kwa upande wowote. Mwaka 1917 Albert Einstein alionesha kwa hesabu kwamba kuna njia nyingine. Fotoni yenye rangi inayolingana ikipita penye atomu ambayo tayari imeshiba nishati, atomu ile huchokozeka na kutoa fotoni pacha: rangi ileile, uelekeo uleule, mpigo uleule. Moja imekuwa mbili. Mbili zikikuta atomu nyingine zilizoshiba, zinakuwa nne.

Ilipita miaka 43 kabla ya mtu kulifanya hilo kwa mwanga unaoonekana. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman alichukua kijifimbo cha yakuti nyekundu, akapaka fedha ncha zake mbili ziwe vioo, kimoja akakiachia upenyo mdogo. Kijifimbo akakizungushia taa ya flashi, ya aina waliyokuwa wakitumia wapiga picha. Flashi ilipowaka, atomu za kromiamu zilizomo ndani ya yakuti zikashiba. Fotoni zilizotoka mshazari zilipita ubavuni zikapotea. Zilizonyooka baina ya vioo viwili zilirudishwa, zikazaa pacha, zikarudishwa tena, na kupitia ule upenyo ukatoka mwale mwembamba mwekundu. Yaani vile vioo ndivyo vinavyochuja: asiyefuata mstari anatoka nje.

Tazama alichokitumia Maiman kuiwasha leza ya kwanza duniani. Ni taa! Mwanga wa kawaida uliingia mwingi, mwanga wa leza ukatoka kidogo kuliko ulioingia. Leza yoyote ni biashara ya hasara kwa hesabu ya nishati. Unatoa mwanga au umeme mwingi, unarudishiwa mwanga mchache uliokaa safu.

Mwenye akili hapo atadakia: kwani lenzi imefanya nini? Si niweke lenzi mbele ya taa nzuri, niukusanye mwanga wote uende upande mmoja, niokoe pesa zangu? Hili ndilo swali lenyewe hasa, na makala nyingi za sayansi huliruka.

Chukua kioo cha kukuzia, kikae chini ya taa ya mche, ile ndefu ya tyubu, iliyo darini, weka karatasi chini yake, ukisogeze juu na chini mpaka mwanga ukusanyike. Utakachokipata kwenye karatasi si nukta. Ni picha ndogo ya taa ya mche, na urefu wake na upana wake. Sogeza utakavyo, nukta huipati. Sababu ni kwamba taa ina ukubwa. Mwanga uliotoka ncha ya kulia unakwenda mahali pake, uliotoka ncha ya kushoto unakwenda pake, na lenzi haina uwezo wa kuwapeleka wote mahali pamoja. Kadiri unavyotaka mwale uwe mwembamba, unahitaji chanzo kidogo zaidi au lenzi kubwa zaidi. Ndiyo maana minara ya taa hufungwa lenzi kubwa kuliko mtu unazoweza kuingia ndani yake, na bado mwale wake hutanuka kadiri unavyokwenda baharini. Mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, hauna tatizo na hilo. Nahodha anataka auone akiwa popote, kutanuka ndiyo kazi yake.

Kuna kanuni ya maumbile hapo ambayo hakuna fundi aliyeweza kuikwepa: kwa lenzi na vioo, mwanga wa taa hauwezi kukusanywa ukawa mkali kuliko ulivyo kwenye uso wa taa yenyewe. Unaweza kuukaribia ukali ule, kuupita huwezi.

Basi tuzibe taa yote tuache tundu dogo? Jaribu kwa hesabu. Ile balbu ya wati 9, weka ubao mbele yake kwa umbali wa mita moja, utoboe tundu la milimita mbili. Mwanga unaopita hapo ni chini ya sehemu moja ya milioni ya mwanga wote. Mpangilio umeupata kidogo, mwanga umeutupa karibu wote. Hata jua, pamoja na ukali wake, lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo lenzi inayokusanya mwanga kwa umbali wa sentimita kumi hulikusanya kwenye doa la takriban milimita moja, si chini ya hapo. Mwale wa leza nzuri ukipitishwa kwenye lenzi hiyohiyo huishia kwenye doa lililo chini ya moja ya kumi ya milimita. Mwanga wa leza huwa kama umetoka kwenye nukta moja iliyo mbali sana, na nukta ndicho kitu pekee ambacho lenzi inaweza kukifanya nukta.

Historia ya tiba ya macho inaonesha hili kuliko hesabu yangu. Baada ya kupatwa kwa jua Julai 1945, walikuja hospitali Ujerumani watu waliolitazama jua kwa macho makavu, retina zao zimeungua. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath akayaona makovu yale akafikiri kinyume: ikiwa mwanga unaweza kuunguza retina bila ya kulipasua jicho, si unaweza pia kuichomelea iliyochanika? Akaanza na jua lenyewe, akilivuta kwa vioo hadi kwenye jicho la mgonjwa. Wingu likipita, matibabu yamesimama. Miaka ya 1950 kampuni ya Zeiss ikamtengenezea mashine ya taa ya xenoni, taa kali mno.

Kwa hiyo taa ya kawaida iliwahi kuifanya kazi hii, na ilifanya kweli. Lakini doa lilikuwa pana, na mwanga wake mweupe ulikuwa na rangi zote pamoja na infraredi, ukapasha joto matabaka yote ya retina na si lile lililokusudiwa tu. Ilibidi mgonjwa apigwe sindano ya ganzi nyuma ya jicho atulie. Leza zilipokuja zikaichukua kazi hiyo moja kwa moja. Daktari anaweza kutumia kijani cha nanomita 532, mwanga ambao hupita kwenye sehemu angavu za mbele ya jicho bila kuzigusa, unakwenda kumezwa na tabaka lenye rangi nyuma ya retina. Doa huwa sehemu ndogo ya milimita, na kila pigo ni chini ya nusu sekunde. Hii ndiyo leza wanayopigwa wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya damu ya retina imeanza kuvuja au kuota ovyo. Waambiwe ukweli kabla: lengo lake kubwa ni kulinda uoni uliobaki, si kurudisha uliopotea. Wengi hutoka wamekasirika kwa kuwa hawakuambiwa.

Na yule bibi wa mtoto wa jicho? Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu, na kawaida hutolewa kwa mkono wa daktari kupitia mpasuo mdogo, au huvunjwavunjwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha inawekwa lenzi ya plastiki. Nchi tajiri zina leza zinazosaidia baadhi ya hatua, lakini kazi yenyewe si ya leza. Uvumi umetokea mahali panapoeleweka. Baadhi ya waliopasuliwa, baada ya miezi au miaka, hupata utando nyuma ya ile lenzi mpya, wakaona kama mtoto wa jicho karudi. Huo hutobolewa kwa leza ya infraredi kwa dakika chache, bila kisu. Mtu akirudi nyumbani anasema, "Leo wamenisafisha kwa leza," na majirani wanachukua hiyo ndiyo habari yote.

Saluni nazo zina lao. Mashine nyingi zinazotangazwa kuwa ni leza ya nywele si leza hata kidogo. Ni taa za flashi zilizowekwa kichujio cha rangi, ndugu wa ile flashi ya Maiman, bila ya yakuti. Tofauti hii kwetu sisi wenye ngozi nyeusi si ya maneno tu. Mashine hizi huunguza unywele kwa kupitia rangi nyeusi iliyomo ndani yake, na ngozi yetu ina rangi hiyohiyo, kwa hiyo flashi yenye rangi nyingi huunguza ngozi pamoja na nywele. Leza ya nanomita 1064 humezwa kidogo zaidi na rangi ya ngozi na huingia ndani zaidi, ndiyo maana wataalamu wa ngozi huiona salama zaidi kwa weusi. Bi harusi anayetaka kujaribu aulize kwanza mashine ni ya aina gani. Asipojibiwa, singo, ile ya kusugulia mwili, haijawahi kumuunguza mtu.

Turudi baharini. Kwanza tutenganishe nyaya, maana barazani huchanganywa. Waya unaotoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, hadi Fumba, Unguja, na ule wa Tanga hadi Pemba, ni ya umeme wa majumbani. Nyaya za mawasiliano ni nyingine, na ndani yake mna nyuzi za kioo, yaani faiba. Aliyesema "lakini na umeme umo" hakukosea kabisa: nyaya ndefu za baharini hubeba umeme wa kuendeshea vikuza mwanga vilivyopangwa njiani, kila baada ya makumi ya kilomita. Habari zenyewe, picha na sauti na miamala ya simu, zinakwenda kwa mwanga.

Njia anayopita mwanga ndani ya uzi wa faiba wa masafa marefu ina upana wa maikromita 9 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya unywele. Ukiielewa habari ya kioo cha kukuzia na taa ya mche, umekwisha kuelewa kwa nini taa haifai hapa: huwezi kuupenyeza mwanga wake kwenye tundu la namna hiyo isipokuwa tone. Na hata tone hilo halifiki salama. Ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake, tofauti kidogo tu. Kwa njia iliyo rahisi kabisa, ujumbe hutumwa kwa kuwasha na kuzima mwanga, mabilioni ya mara kwa sekunde. Mmweko wenye rangi nyingi ukisafiri kilomita mia, rangi moja inatangulia nyingine inachelewa, mmweko unatanuka mpaka unaupanda wa nyuma yake, na huko mwisho hakuna anayeweza kusoma kitu. Leza yenye rangi moja husafiri ikiwa imeshikamana. EASSy ina urefu wa kama kilomita 10,000, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Faida nyingine ni kwamba, kwa kuwa kila leza ina rangi yake halisi, makumi ya leza za rangi zinazokaribiana hupitishwa kwenye uzi mmoja kwa wakati mmoja na kutenganishwa upande wa pili. Mwanga unaotumika ni infraredi, karibu nanomita 1550, rangi ambayo kioo huipitisha vizuri kuliko zote. Ndani ya jengo moja au uwanja mdogo LED ziliwahi kutumika kwenye faiba, na zilitosha.

Mpangilio huohuo ndio unaoifanya leza ndogo iwe ya hatari. Taa ya wati 9 ukiitazama kwa umbali wa mita mbili, mwanga unaoingia kwenye mboni ni kidogo mno, kwa sababu umetawanyika chumba kizima. Mwale wa miliwati moja huingia wote, mara mia kadhaa ya ule, pengine elfu. Kisha lenzi ya jicho inaukusanya kwenye doa la retina dogo kuliko picha ya jua. Kwa miliwati moja mtu hupepesa kabla hajaumia. Tatizo ni vitochi visivyo na maandishi ya maana, ambavyo mara nyingi huwa na nguvu zaidi ya inavyodaiwa. Vya kijani vya bei rahisi vina ila nyingine: baadhi hutengeneza kijani kwa kuanzia na infraredi, na aliyebana gharama akaacha kuweka kichujio, infraredi ile hutoka pamoja na kijani. Jicho haliioni, halipepesi. Mzazi asimpe mtoto kitu hicho. Wala mtu asiielekezee ndege inayotua Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, akidhani mwale hautafika. Kwa kilomita moja doa limetanuka kama mita moja tu, wakati mwale wa kurunzi nzuri huwa umefika mita 17 ndani ya mita mia za mwanzo. Doa hilo likigonga kioo cha rubani hutawanyika kioo kizima, naye asione njia ya kutua.

Kijani, kwa njia, hakina nguvu kuliko chekundu, ni jicho letu linalokipenda. Kwa miliwati zilezile, kijani cha 532 huonekana king'avu mara nane hivi ya chekundu cha 650. Ndio maana mafundi vigae wamehamia kijani, wauone mstari mchana. Wala leza hizi hazina uhusiano na eksirei. Mwanga unaoonekana na infraredi huunguza kwa joto, hauharibu chembe za urithi mwilini. Na ile nukta nyekundu ya bunduki ya kupimia joto haipimi chochote. Ni ya kulengea. Kipimo chenyewe kinapokea infraredi inayotoka kwenye kitu kinachopimwa.

Palipo na kazi isiyohitaji mpangilio, leza inashindwa, na haishindwi kidogo. Vifaa vingi vya kusomea alama za bei madukani, vilivyokuwa na ule mstari mwekundu wa leza, sasa ni kamera ndogo yenye taa ya LED pembeni, na vinasoma hata alama iliyo kwenye skrini ya simu. Wavuvi wa dagaa walitoka kwenye karabai wakaenda kwenye LED za betri, na hakuna sababu ya kuendelea mbele ya hapo. Usiku wa giza wanataka mwanga umwagike chini ya chombo kila upande, dagaa waje kutoka kulia na kushoto na kina tofauti. Ukiwapa leza, watapata mstari mmoja wa kijani unaozama majini, na nyavu tupu.